Stesheni ya Detroit: jumba kama lile liliachwaje likaoza miaka 30?

KijanaWaGerezani

Wakuu za wikiendi. Niko Michigan huu mwaka wa pili, nasoma huku nabeba boksi kama kawaida yetu. Sasa jumamosi iliyopita jamaa yangu kanichukua na gari twende Detroit kula nyama, tukapita mtaa unaitwa Corktown, kukata kona hivi naona bustani, alafu nyuma ya bustani limesimama dude, aise sijui nilieleze vipi. Chini limekaa kama hekalu la Warumi, nguzo na madirisha makubwa ya tao, mgongoni limebebeshwa ghorofa refu la kama 18. Nikamuuliza hii mahakama kuu au bunge? Akacheka sana, akasema hiyo stesheni ya treni, na miaka yote ambayo wewe uko sekondari lilikuwa gofu halina hata kioo kimoja.

Tukaingia maana chini wanaruhusu watu kuzunguka. Mi nimekulia Gerezani, ule mtaa wa Dar, honi ya treni ya reli ya kati ndio ilikuwa inaniamsha, stesheni nazijua, ila ile ni ikulu bana. Ukumbi wa kusubiria unaangalia juu mpaka kofia inadondoka, na dari lote limejikunja kama pipa lililopasuliwa katikati, halina nguzo hata moja chini yake. Sasa naombeni shule: kwa nini mtu ajenge kitu kama kile zaidi ya km 2 kutoka mjini, na ilikuwaje nchi yenye hela kama hii ikakiacha kioze, na lile dari linashikiliwa na nini? Anayejua ashuke taratibu, majibu ya "google ipo" sitaki.

Mzee_wa_Behewa

Umeuliza vizuri, sogeza kiti. Jina lake ni Michigan Central Station, hilo ni jina la kampuni ya reli iliyolijenga, na yenyewe ilikuwa chini ya New York Central.

Kilichowatoa mjini ni mto. Detroit iko upande huu, ng'ambo ni Windsor ya Canada, unaiona vile unavyoiona Kigamboni ukiwa umesimama Feri. Zamani mabehewa yalikuwa yanavushwa kwa vivuko, treni inakatwa vipande inapakiwa inavushwa inaungwa tena, fikiria huo usumbufu wakati wa barafu. Mwaka 1910 wakafungua handaki la reli chini ya mto. Stesheni ya zamani ilikuwa mjini kabisa lakini iko kwenye tawi la pembeni, treni inayokwenda Chicago kutokea Canada ikipita handakini inaikuta haiko njiani. Ndio wakaamua wahamie kule handaki linakotokeza. Kwahiyo waliifuata reli, mji wenyewe wakasema utakuja tu.

Ufunguzi wenyewe kituko. Sherehe ilipangwa mwanzoni mwa Januari 1914. Tarehe 26 Desemba 1913, watu hata pilau la krismasi halijaisha (sawa, hawali pilau, mnanielewa), stesheni ya zamani ikashika moto. Jioni ile ile saa 11 na dakika 20 treni ya kwenda Saginaw na Bay City ikaondokea jengo jipya. Utepe hamna, hotuba hamna, moto ndio mgeni rasmi.

Alafu angalia hii, siku zile zile za Januari wanazindua rasmi ndio Henry Ford, yule mwenye kampuni ya magari, anatangaza mshahara wa dola 5 kwa siku, kama mara mbili ya alivyokuwa akilipa. Watu wakamiminika Detroit kutoka kila pembe, weusi waliokuwa wanakimbia ubaguzi wa kusini, Wapolandi, Waitalia, na wengi wao ardhi ya kwanza ya Detroit kuikanyaga ni sakafu ya ukumbi ule uliousimamia wewe. Wakati wa vita ya kwanza zilikuwa zinapita treni zaidi ya 200 kwa siku. Miaka ya 40 abiria wanazidi 4,000 kila siku na kule juu ghorofani makarani zaidi ya 3,000.

Sasa kosa lao. Hawakutenga paking ya maana. Kwa nini wahangaike, mwaka 1913 abiria anakuja kwa tramu anashushwa mlangoni. Na walikuwa na uhakika kwamba mji utawafuata kule, hata Henry Ford mwenyewe miaka ya 20 alianza kununua viwanja karibu na pale, alafu mdororo wa 1929 ukaja ukakaa juu ya kila mtu. Mji haukuhama. Ikabaki stesheni peke yake kama bwana harusi ambaye bibi harusi hakutokea.

Kilichofuata utakijua mwenyewe, huu ni mji ambao kazi yake ni kutengeneza magari. Mfanyakazi anatoka kiwandani anaendesha kile alichokifunga nati mwenyewe, stesheni aende kufanya nini. Mwaka 1956 ndio wa kuukumbuka: tramu ya mwisho ya Detroit inasimama Aprili, serikali kuu inapitisha sheria ya barabara kubwa za kuunganisha majimbo, na kampuni ya reli inajaribu kuliuza jengo kwa dola milioni 5, theluthi ya gharama ya kulijenga. Mnunuzi hakupatikana. 1967 wakafunga ukumbi mkubwa, mgahawa na maduka, abiria wakawa wanaingilia mlango wa nyuma. 1971 Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, wakachukua treni za abiria, wakajitahidi kidogo, 1975 ukumbi ukafunguliwa tena. Treni ya mwisho iliondoka tarehe 5 Januari 1988.

fundi_lipu

Swali la dari niachieni, nimeanza kupiga lipu Temeke nikiwa na miaka 17 na hapa Ohio natembea na kampuni ya ukarabati, majengo kama hayo ndio chakula changu.

Mkuu lile dari linajishikilia lenyewe. Hamna nondo mle kama slabu zetu. Hiyo kazi inaitwa Guastavino, jina la fundi mmoja Mhispania, Rafael Guastavino, mzaliwa wa Valencia, akahamia Marekani 1881 akaja na ufundi wa Katalunya, jimbo la huko huko Hispania. Unachukua kigae chembamba cha udongo wa kuchoma, unakilaza bapa sio kukisimamisha, unakiunga na mwenzake kwa plasta inayokauka haraka sana. Haraka yenyewe ni kwamba ukikishikilia kidogo tu kinabaki hewani, kwahiyo huhitaji msitu wa mirunda chini kama tunavyofanya sisi tukimwaga slabu. Ukimaliza tabaka la kwanza, la pili unalilaza juu yake kwa saruji huku unakwepesha maungio yasikutane, na la tatu hivyo hivyo. Likikamilika ni kama ganda la yai, jembamba, jepesi, halishiki moto, na uzito wote unakimbilia kwenye kuta za pembeni. Ndio maana chini hujaona nguzo.

Vigae pale ni kama 29,000. Ngoja sasa nikupe ya kukukosesha usingizi: baada ya miaka 30 ya mvua na theluji kuingilia juu, mafundi wa ukarabati walipovikagua walibadilisha kama 1,300 tu. Sisi nyumba inavuja masika moja tu dari la jipsamu liko chini na panya wake.

Wachoraji walikuwa kampuni mbili, Warren and Wetmore pamoja na Reed and Stem, hao hao waliochora Grand Central ya New York iliyofunguliwa Februari 1913. Ule ukumbi waliuiga kwenye mabafu ya Warumi wa kale, yaani sehemu za kuogea ambazo wenzetu walizijenga kama misikiti mikuu. Mtindo wenyewe ulikuwa unafundishwa Paris, kila kitu pacha kushoto na kulia, mawe mazito chini, nakshi za majani kwenye vichwa vya nguzo, marumaru ukutani. Maoni yangu binafsi na najua nitapigwa mawe: ule mnara wa ofisi ni mbaya. Umekaa kama mtu kavaa suti ya harusi kichwani kaweka kreti la soda. Ukumbi una utu, mnara ni tofali na madirisha, madirisha na tofali. Na wenyewe waliishiwa hamu, ghorofa za juu kabisa hazikuwahi hata kumaliziwa ndani.

Kwenye ukarabati kazi ya kwanza haikuwa kujenga ilikuwa kukausha. Chini kulikuwa bwawa, wamevuta maji galoni milioni 3.5, hiyo ni lita milioni 13 na kitu. Tena huwezi kukausha kwa pupa, tofali likinyonya maji miaka 30 ukalikausha ghafla linapasuka. Mawe ya chokaa waliyafuata Indiana kwenye machimbo yale yale ya mwanzo, yalikuwa yamefungwa miaka mingi wakayafungua tena kwa ajili ya hilo jengo. Nakshi zilizoibiwa zikapigwa picha kutoka kwa pacha zake zilizobaki, kompyuta ikachora, mashine ikachapa, fundi akamalizia kwa mkono.

Alafu kuna chupa. Mwaka 2021 wapiga plasta wanabomoa nakshi ya juu huko karibu na dari wakakuta chupa ya bia ya zamani, Stroh's, ndani kuna karatasi. Mafundi wawili wa 1913 wameandika majina yao, na kwamba wao ndio waliobandika dari hilo, mwezi wa 7. Mi niliisoma hiyo habari nikiwa kazini juu ya jukwaa nikakaa chini kabisa. Maana hata sisi tunaandika majina kwenye lipu ya kwanza kabla hatujaifunika ya pili, bosi hajui, mwenye nyumba hajui.

BabaNeema

Mi nimefika Detroit 2001, nimeliona likiwa mzoga miaka 17 kwahiyo ngojeni niwape ya macho. Madirisha yote hayana kitu, jua likizama unaliona likitoboa kutoka upande wa pili mpaka huku kama chekecheke la unga. Watoto wangu walikuwa wanaliogopa, tukipita wanafunga macho. Waya, mabomba ya shaba, marumaru, taa, vitasa, mbao, vyote wazee wa skrepa walishavibeba, kilichobaki ni kile ambacho hakibebeki mgongoni.

Niliwahi kuingia mara moja na wenzangu wawili wa kazini, uzio ulikuwa una tundu kila mtu analijua. Januari hiyo. Ndani baridi kuliko nje. Maji yaliyokuwa yanadondoka juu yameganda yakawa nguzo za barafu kuanzia sakafuni, maandishi ya rangi ukutani mpaka mwisho wa mkono wa binadamu na kuzidi, na njiwa. Tuliongea kwa kunong'ona kama tuko msibani, sijui kwa nini, hakuna aliyetuambia tunyamaze.

2009 baraza la mji likapiga kura livunjwe. Halikuvunjwa, mara kesi, mara hela ya kuvunjia nani anatoa. 2013 mji wenyewe ukaomba kufilisika mahakamani na hapo ndio tulikoma, kila gazeti la dunia likitaka picha ya Detroit linaweka lile jengo. Watu wanatoka Ulaya na kamera wanashangaa magofu, wanaondoka, hawajanunua hata soda kwetu. Mnisamehe, bado ina uchungu. Mji wa watu 1,850,000 mwaka 1950, sensa ya 2020 wamehesabu kama 639,000. Hizo ni familia, sio picha.

2018 kampuni ya magari ya Ford wakalinunua kwa dola milioni 90. Mwezi Juni mwaka huo wakafungua milango wananchi waangalie kabla ya matengenezo, foleni ilizunguka bustani, nimesimama nyuma ya bibi mmoja mweusi ana fimbo anasema babake alishukia pale kutoka Alabama. Siku zile zile kuna mtu akaipigia simu makumbusho ya Henry Ford, akasema saa kubwa ya stesheni iliyoibiwa miaka zaidi ya 20 anayo na anataka irudi kwao. Hakutaka kuonekana. Wameenda kuichukua wameikuta imeegemezwa kwenye jengo lililoungua, kaivisha mablanketi ya kuhamishia vyombo. Sijui nimwite mwizi au mlinzi huyo mtu, maana angeiacha pale ingekuwa sufuria zamani.

Lilifunguliwa tarehe 6 Juni 2024, tamasha kubwa, Diana Ross mtoto wa Detroit kaimba. Nimempeleka Neema, sasa hivi ni mtu mzima, akaniambia baba mbona sio kubwa kama nilivyokuwa naliogopa.

Mbishi_Rasmi

Haya mmesifia mmemaliza? Hebu tuambizane ukweli basi. Magari ndio yameua treni Detroit, mwenye magari ndio kanunua kaburi la treni, kaweka ofisi za kutengenezea magari ya umeme na yanayojiendesha, na nyie mnapiga makofi. Alafu hilo jengo treni ya abiria haiingii! Juni 2024 hiyo hiyo sisi SGR imeanza kubeba watu Dar kwenda Moro, wenzetu wanafungua stesheni isiyo na treni. Na mnaiita maendeleo.

Mzee_wa_Behewa

Mbishi leo umegonga penyewe nusu. Ni kweli abiria wa Amtrak wanashukia stesheni ndogo mtaa wa New Center tangu 1994, ukiiona utadhani ofisi ya posta ya wilaya. Reli ya nyuma ya lile jengo bado ipo na handaki linafanya kazi, ila ni mizigo tu.

Nusu nyingine sikubali. Ukimtwisha Ford mzigo wote unawasamehe wenye reli. New York Central na kampuni ya reli ya Pennsylvania waliungana 1968, miaka miwili tu, 1970 wakaanguka pamoja, muflisi mkubwa kuliko wote Marekani ilioujua mpaka wakati ule. Hao walishaacha kupaka rangi hata mlango zamani. Barabara zinajengwa kwa hela ya serikali, reli inajilipia yenyewe na kodi ya ardhi juu, hapo hata ungekuwa wewe ungeanza kuuza viti.

Na mfufuaji tajiri akikosekana inakuwaje? Nilikuwa namsubiri mtu wa Buffalo, jimbo la New York, aje aseme.

MamaKivu

Bandugu jambo, mutanivumilia Kiswahili yangu ya Bukavu. Mi niko naishi Buffalo, huku East Side, na kwetu iko gare (stesheni) ingine, ndugu ya ile ya Detroit kabisa, kampuni ilikuwa moja ya New York Central. Inaitwa Central Terminal. Ile ya Detroit ni ya Warumi, yetu ni ya kisasa ya wakati ule, ya mistari mistari na pembe pembe, Art Deco, mnara yake iko na etaji 17 na juu wameukata pembe nane kama pete. Mimi sioni ni mbaya hata kidogo, fundi uje uangalie ya kwetu utanyamaza.

Wale waliichora ni Fellheimer na Wagner, na huyu Fellheimer alikuwa amefanya kazi kwa Grand Central mbele. Waliifungua tarehe 22 Juni 1929. Muhesabu sasa: Juni, kisha Oktoba bourse, soko ya hisa, ya New York ikaanguka. Miezi ine tu ndio walikula raha! Waliijenga ya kupokea treni 200 na watu 10,000 kwa siku moja, Buffalo ilikuwa mji wa ngano na chuma, waliwaza itaongezeka tu. Na kosa ni ile ile, waliiweka mbali na centre ville.

Treni ya mwisho ni 1979. Kisha wakaiba, wakauza, ile saa kubwa ya katikati ikaenda mpaka Chicago, watu wa hapa wakachanga makuta wakairudisha. 1997 kikundi kimoja cha watu wa hapa ndio waliichukua kwa dola moja na madeni ya kodi. Dola moja! Tangu siku ile wanaitengeneza pole pole, leo paa, kesho dirisha, ukiwa na siku ya sherehe wanafungua watu wanaingia. Hatuna Ford sisi. Lakini pia hakuna mtu wa kutuambia ni ya kwake.

Mi dirisha yangu ya jikoni inaangalia mnara. Tulifika usiku, watoto wakaamka asubuhi wakaniita, mama kuja uone château, jumba ya wafalme. Mpaka leo kwetu jina yake ni château.

fundi_lipu

Mama nimeziangalia picha usiku huu. Nimenyamaza.

KijanaWaGerezani

Wakuu nimesoma yote mara mbili, mzee shikamoo, na Baba Neema pole kwa yale ya kamera, hata mi nilipiga picha kama 60, kesho nitarudi ninunue soda. Mama Kivu nataka nije nilione hilo château. Swali la mwisho, kuna treni ya Detroit kwenda Buffalo?

Mzee_wa_Behewa

Ilikuwepo, inapita handakini inakatiza Canada inatokea Buffalo moja kwa moja, ilikufa 1979 mwaka ule ule wa stesheni ya mama. Sasa hivi kwa gari kupitia Canada ni njia fupi lakini wewe una viza ya mwanafunzi, kwahiyo kabla hujavuka hakikisha Canada wanakuruhusu na kurudi unaruhusiwa. Ukitaka reli kwa nguvu, unapanda basi la Amtrak Detroit mpaka Toledo, pale unasubiri treni inayotoka Chicago kwenda New York, inapita usiku wa manane. Beba jaketi.